Mita Mia za Waya wa Msiba

Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mabati ya Tukuyu, Sajenti Sekela alimtoa Lusungu mahabusu kwa mara ya nne, akamkalisha kwenye kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi, akamuuliza maswali yale yale. Wapo wapelelezi wanaouliza mara moja wakaridhika. Sekela alikuwa na kasoro zake nyingi tu, lakini hiyo haikuwamo.

"Alhamisi saa nane mchana watu wote walikwenda kumzika baba mkwe wako, Mzee Abrahamu. Wewe ulibaki nyumbani."

"Nilibaki, afande."

"Kwa nini wewe?"

"Mama mkwe alikuwa amevimba miguu, asingeweza kushuka mpaka makaburini ng'ambo ya mto. Ilibidi mtu abaki naye. Na mimi nimelelewa na bibi, amenifundisha kumwogopa baba mkwe kama zamani. Tangu niolewe sijawahi kumtazama usoni. Tukikaribia kukutana njiani naingia migombani mpaka apite. Sasa ningekwenda kumtazama kwenye jeneza?"

Sekela alielewa. Bibi yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Ila waombolezaji wa Kisondela hawakutaka kuelewa: mwanamke mmoja tu mzima wa nyumba ile hakushuka makaburini, na saa moja baadaye chumba cha mama mkwe wake, Bibi Subilaga, kikawaka moto naye akiwa ndani. Wakamshika, wakamnusa, wakamleta polisi.

"Khanga yako inanuka mafuta ya taa."

"Kuni zilikuwa mbichi. Mvua ilinyesha tangu Jumatatu. Niliwashia mafuta ya taa jikoni, kama kila mtu anavyofanya."

"Uligombana na marehemu."

"Mwezi wa kwanza. Kuku alitagia kwangu, mama akasema mayai ni yake."

"Moto ulipoanza ulikuwa wapi?"

"Kwa jirani yetu mama Esnath, naye alibaki kwake, kuazima sufuria kubwa. Watu wakirudi kuzika wanakula. Nilimwacha mama anasinzia. Nikiwa bado kwake nikaona moshi dirishani. Mlango wa chumbani niliufungua, afande, ila kupita sikuweza."

Lusungu alikuwa na miaka ishirini na minne. Mumewe alikuwa machimboni Chunya na simu yake haikupatikana. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu alikuwa kwa huyo mama Esnath, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe. Siku ya kwanza Lusungu alilia, ya pili akalia, na sasa alijibu huku akiitazama meza, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina ya darasa. Sekela naye aliandika bila kuhisi lolote. Hilo halikumshangaza. Miaka minne iliyopita mtu mmoja wa Masukulu alikaa mahabusu miezi kumi na tisa kwa faili aliloliandika yeye, faili safi lenye mhuri kila ukurasa, kisha ikabainika hakuwa yeye. Alipotoka walikutana sokoni. Yule bwana alimsalimia kwa adabu, akamuuliza hali ya nyumbani, akaendelea kuchagua nyanya. Tangu siku hiyo moyo wa Sekela uliingia ganzi, na yeye hakuhangaika kuutafutia dawa. Alichofanya ni kuuliza mara nyingi zaidi.

"Niambie kitu ambacho hakuna aliyekuuliza," alisema.

Lusungu alifikiri. "Alikuwa ametupa blanketi."

"Nani?"

"Mama mkwe. Yeye ni mtu wa baridi, hata jua likiwaka anavaa sweta mbili. Siku ile nilipompelekea uji nikakuta blanketi kalitupa pembeni. Akaniambia, leo chini kuna joto mkwe wangu, kama nimemlalia kuku anayeatamia."

Kalamu ya Sekela ilisimama. "Alisema chini?"

"Chini, afande. Kwenye majani."

Mjane wa Kinyakyusa anayefuata ya kwao huketi chini mpaka msiba uishe. Bibi Subilaga alitandikiwa majani makavu ya migomba, juu yake mkeka. Sekela aliyajua hayo na alishayaandika. Ambacho hakuwa ameandika ni kwamba majani hayo yalikuwa na joto kabla ya moto kuonekana.

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa. Alikuwa Afande Obed, mkuu wake, na chai mkononi.

"Bado tu? Kesho saa tatu faili liwe kwa mwendesha mashtaka. Mauaji."

"Afande, kosa hilo halina dhamana. Akienda huko, atakapotoka atamkuta mtoto wake anaanza shule."

"Basi niletee kingine kabla ya kesho. Mafuta ya taa yapo, ugomvi upo, na yeye ndiye aliyebaki. Umeme uliovutwa msibani ulishajadiliwa: breka haikuanguka." Akanywa chai yake, akaufunga mlango.

*

Aliyeujadili umeme ni Muddy, fundi mwenye kibanda karibu na stendi, na ndiye aliyeuvuta umeme huo kutoka kwa mama Esnath mpaka msibani. Sekela alimkuta amefungua pasi ya mtu, vipande vimejaa juu ya meza.

"Dada Sekela, mimi nilishasema. Umeme ukiwa na kosa breka inaanguka, inakata. Kwa mama Esnath haikuanguka. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo."

Sekela aliweka mfuko wa nailoni juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za shaba nyeusi kwa moshi, zimejiviringa pete juu ya pete.

"Hii ilitoka chumbani kwa marehemu, kona ya dirisha, chini kabisa ya jivu la majani. Pale ndipo sakafu imeungua zaidi kuliko popote. Ulisema waya uliobaki uliuning'iniza nje."

Muddy aliacha pasi. Uso ulimshuka. "Niliuning'iniza nje, wallahi. Kwenye msumari, chini ya upenu, pembeni ya dirisha. Sikuuingiza ndani mimi."

"Kutoka kwa mama Esnath mpaka dirisha lile ni mita sitini, nimepima mwenyewe. Waya wako una mita mia. Kwa nini hukukata?"

"Waya wa msiba haukatwi, dada." Alisema hivyo kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kwa nini jeneza halikodishwi. "Huu waya wangu wa kukodisha umeshakwenda misiba kumi na minne. Leo Kisondela mita sitini, kesho Kiwira mita tisini. Nikiukata leo, kesho itabidi niunge kwa selotepu, na mvua ya huku unaijua. Kwa hiyo unaobaki naviringa, natundika, msiba ukiisha naukunja wote narudi nao. Mafundi wote wa hapa tunafanya hivyo."

"Waya mwembamba huo."

"Wa taa mbili na spika. Na kuchaji simu. Sijafunga umeme wa kiwanda mimi."

"Unao mwingine kama huo?"

"Ninao pacha wake. Nilizinunua siku moja, duka moja."

"Uchukue. Na mita zako zote mbili za kupimia umeme."

Muddy aliinuka. "Dada Sekela, nakwenda kama fundi au kama mtuhumiwa?"

"Sijui bado," alisema Sekela, na ilikuwa kweli.

*

Bodaboda ziliwashusha Kisondela saa nne na nusu. Mama Esnath, jirani mwenye umeme, alikuwa kibarazani na mtoto wa Lusungu mgongoni. Nyumba ya msiba ilikuwa chini ya mteremko, ng'ambo ya migomba, mahali nguzo za umeme hazijafika. Jumamosi walikuwa wamemzika Bibi Subilaga kando ya mumewe, na watu walikuwa bado wamejaa uani.

"Shikamoo mama."

"Malahaba mwanangu. Umekuja na huyo wa waya?" Mama Esnath alimtazama Muddy kuanzia viatu. "Mimi nilishasema kwa polisi. Binti alikuwa hapa kwangu, anaasima sufulia. Mosi ukatoka kule dilishani, mweusi fijo, mweusi kabisa. Tukakimbia wote wawili. Mtu akichoma nyumba anakwenda kuasima sufulia?"

"Uliandikwa hivyo, mama?"

"Aliyeandika alisema ninamtetea."

Sekela hakuuliza ni nani aliyesema hivyo. Aliomba kuiona breka. Ilikuwa ukutani, imesimama kama ilivyokuwa Alhamisi, na juu yake imeandikwa thelathini na mbili.

"Maana yake?" alimuuliza Muddy.

"Inaanguka mkondo ukizidi ampea thelathini na mbili."

"Na waya wako unaweza kubeba ampea ngapi?"

Muddy alikuna kidevu. "Sita... saba ukiwa umenyooka, unapigwa upepo. Ukiwa umeviringwa, chache zaidi."

"Kwa hiyo waya unaweza kuungua kwa ampea saba na breka isijue lolote."

Muddy aliitazama breka. Jibu lilikuwa limesimama pale ukutani siku tatu.

Waliteremka migombani. Anyosisye, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye benchi uani, koti limefungwa vifungo vyote. Ni muuza vipuri Dar es Salaam, mtu wa miaka arobaini na sita, mpole, asiyepaza sauti. Ndiye aliyetia sahihi malalamiko dhidi ya Lusungu, mke wa mdogo wake. Alikuwa amezika wazazi wote wawili wiki moja na uso wake haukuwa na kitu, umefutika.

"Pole, kaka Anyosisye."

"Nimepoa, afande."

"Kwenye maelezo yako uliandika kulikuwa na taa mbili na simu. Hapakuwa na kitu kingine kilichochomekwa?"

"Hita," alisema bila kusita. "Nilimletea mama kutoka Dar. Hakuna aliyeniuliza, na haikuhusika. Ilikuwa sebuleni, watu waliitoa pamoja na makochi kabla moto haujavuka. Haijaungua hata rangi."

Alikwenda mwenyewe kwenye gari lake, akaileta. Kweli ilikuwa nzima, hita ndogo ya mirija miwili, ya kuwasha mmoja au yote miwili. Mtu angeipeleka dukani angeiuza kama mpya.

"Kwa nini uliiweka sebuleni na mama alikuwa chumbani?"

"Niliogopa majani, afande. Majani makavu na kitu cha moto ni hatari. Nikaiweka mbali, nikaielekeza mlangoni joto limfikie."

Sekela aliandika neno kwa neno. Kisha akamwambia Muddy avute waya wa pili kutoka kwa mama Esnath, mita mia zote, uliobaki auviringe kama alivyozoea. Watu walisogea kutazama. Kwenye msiba wa siku ya sita watu hutazama chochote.

*

Muddy alikuwa na mita ya kupima volti na nyingine ya kubana waya kama koleo, inayosoma ampea bila kukata kitu. Alichomeka hita mwisho wa waya, akawasha mirija yote miwili. Iliwaka nyekundu iliyofifia.

"Haina nguvu," alisema mtu.

"Soma," alisema Sekela.

"Kwa mama Esnath ni mia mbili thelathini. Hapa..." Muddy aliigongagonga mita, akaitazama tena. "Hapa ni mia na themanini na mbili."

"Volti arobaini na nane zimekwenda wapi?"

"Zimeliwa na waya."

"Ampea?"

"Sita nukta tisa."

Sekela aligeuza karatasi ya maelezo, akapiga hesabu mgongoni. Fizikia alipata D kidato cha nne, na mwalimu wake alimwambia hatakuja kuihitaji. Volti gawa kwa ampea ndio ukinzani. Arobaini na nane kwa sita nukta tisa.

"Waya wako una ukinzani wa omu saba," alisema.

"Mwembamba na mrefu, lazima uwe nao."

"Sasa nguvu. Volti mara ampea. Arobaini na nane mara sita nukta tisa." Alizidisha taratibu, akakagua, kwa sababu kesho Afande Obed angekagua. "Wati mia tatu thelathini na moja. Hizo hazifiki kwenye hita, Muddy. Zinakuwa nini?"

"Joto," alisema Muddy kwa sauti ndogo. "Waya wenyewe unakuwa hita."

"Kati ya mita mia, arobaini zimeviringwa pamoja, rola moja. Kwenye rola peke yake?"

"Mia na thelathini na mbili." Sasa alikuwa anahesabu kwa midomo. "Zile sitini zimesambaa migombani, upepo unazipoza, huwezi kujua. Lakini rola..."

"Zima mrija mmoja."

Alizima. Volti zilipanda hadi mia mbili na tatu, ampea zikashuka hadi tatu nukta nane. Sekela alitoa, akazidisha, akachukua sehemu ya rola.

"Wati arobaini na moja."

Muddy aliichungulia karatasi. "Umepunguza mrija mmoja tu, nusu ya mzigo. Joto la waya limeshuka chini ya theluthi."

"Na ukirudisha wa pili joto linapanda zaidi ya mara tatu." Sekela alifunga kalamu. "Wati arobaini na moja chini ya mkeka zinampa mtu joto zuri. Usiku kucha asilalamike. Atupe na blanketi."

Aliwaomba wanawake majani makavu. Waliyaleta, wakayatandika uani mahali pa wazi kama walivyomtandikia Bibi Subilaga, rola ikiwa katikati na mkeka juu. Muddy aliweka ndoo ya maji pembeni. Sekela aliwasha mirija yote miwili, akatazama saa. Saa tano na dakika kumi.

Mvua ya rasharasha ilianza na watu wakaingia chini ya turubai. Turubai lilifunika hata yale majani. Mtu aligawa chai, Sekela akanywa, haikuwa na ladha, au yeye hakuionja. Dakika ya ishirini aliweka kiganja juu ya mkeka. Ulikuwa wa moto wa kupendeza kama tumbo la ng'ombe. Dakika ya thelathini na tano alikitoa haraka. Dakika ya hamsini na moja ilianza harufu ya plastiki, kisha uzi mwembamba wa moshi mweusi ukatoka ukingoni mwa mkeka, upande wa chini. Dakika ya hamsini na nne majani yalishika moto yenyewe, bila mafuta ya taa, bila kiberiti, bila mkwe.

Muddy alichomoa waya, akamwaga maji. Bibi mmoja alianza kulia kwa Kinyakyusa, polepole, akilitaja jina la Lusungu.

"Mlitoka hapa saa ngapi kwenda makaburini?" Sekela aliuliza hadhara nzima.

"Saa nane kasorobo."

"Na moshi ulionekana?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi na tano, kumi," alisema mama Esnath kutoka nyuma. "Ledio ilikuwa inasoma habali za misiba."

*

Maelezo ya Anyosisye, Sekela aliyaandikia ndani ya gari la huyo bwana, milango imefungwa. Nje Muddy alikuwa anaviringa waya wake. Alifika mahali ulipoungua, akausimamia muda mrefu, kisha akatoa koleo na kuukata.

"Muddy aliutundika nje," alisema Sekela. "Nani aliuingiza?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano jioni, nilipofika tu. Niliona mvua inaupiga. Nikasema maji na umeme havipatani. Nikaupitisha dirishani."

"Chini ya majani?"

"Watu walikuwa wanaingia kumpa mama pole. Wangejikwaa." Alikuwa akizungumza na usukani. "Nilikuwa naangalia kila kitu, afande. Hita mbali na majani. Waya mbali na mvua. Mama mbali na baridi."

"Usiku hita iliwaka mirija mingapi?"

"Mmoja."

"Hadi?"

"Hadi tulipokuwa tunatoka kwenda kuzika."

Sekela aliandika jibu hilo. Alimpigia simu Afande Obed mbele yake, akampa tarakimu moja baada ya nyingine, volti, ampea, omu, wati, dakika hamsini na nne na mashahidi arobaini. Obed akasema basi jalada libadilike, kifo cha ajali, na binti atoke leo leo.

"Atatoka," Sekela alimwambia Anyosisye alipokata simu. "Mtoto wake yuko kwa mama Esnath. Utahitaji kwenda kumchukua shemeji yako na kumwomba radhi. Hilo si la kipolisi, nakwambia tu."

Anyosisye alitikisa kichwa kukubali. Baadaye akasema, "Mtu ulikuwa naye tayari, afande. Kesho asubuhi ingekuwa imekwisha. Mimi ningerudi Dar, ningemchukia Lusungu mpaka nife. Chuki hiyo ningeiweza."

"Najua."

"Kwa nini ulitafuta?"

Sekela alimfikiria mtu wa Masukulu akichagua nyanya, akijaribu ugumu wake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Alidhani angehisi kitu sasa, afueni au huruma. Hakikuja. Alimhurumia huyu bwana kwa akili tu, kama mtu anavyojua mkono wake uko pale hata ukiwa umelala ganzi.

"Kwa sababu hakuwa yeye," alisema. "Tumalize maelezo. Mlipokuwa mnatoka. Nani aliwasha mrija wa pili?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunamwacha na mtu mmoja tu. Nyumba yenye watu wengi ina joto lake. Nikaona tukitoka wote atasikia baridi."

"Marehemu alisema lolote?"

Swali hilo lipo kwenye kila maelezo, na halirukwi. Anyosisye aliweka mikono yake miwili juu ya usukani, sawasawa, kama anayejifunza kuendesha.

"Alinishika mkono. Akasema, ndaga, asante mwanangu, nendeni mkamlaze baba yenu salama. Mimi leo mmenipa joto, nitalala hapa hapa mpaka mrudi."

Sekela aliandika yote kama yalivyotamkwa, neno la Kinyakyusa na mengine. Akaisoma karatasi kwa sauti kutoka juu hadi chini, akampa kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.